Freedom at Point Zero

Freedom at Point Zero ni albamu ya tano ya studio ya bendi ya muziki wa rock kutoka Marekani, Jefferson Starship. Ilitolewa mnamo Novemba 1979 kupitia lebo ya Grunt Records, ikisambazwa na RCA. Jina lake linaweza kufasiriwa kama "Uhuru katika nukta sifuri". Mtayarishaji wake ni Ron Nevison.

Hii ni albamu ya kwanza ya bendi hiyo kurekodiwa bila waimbaji wake wakuu wawili, Grace Slick na Marty Balin, ambao wote waliondoka mwaka 1978. Nafasi yao ilichukuliwa na mwimbaji mmoja tu, Mickey Thomas. Aliyekuwa mpiga ngoma, John Barbata, naye alikuwa ametoka baada ya kujeruhiwa katika ajali ya gari, na badala yake akaingia Aynsley Dunbar. Albamu ilifika nafasi ya 10 katika chati ya Billboard 200, na wimbo wake wa kwanza kutolewa kama singo, "Jane", ulishika nafasi ya 14 katika Billboard Hot 100 mwanzoni mwa mwaka 1980. Kwa mafanikio hayo bendi ilionyesha kwamba inaweza kuishi bila sauti zilizoipa umaarufu. Hata hivyo, mtindo mpya uliozaliwa katika albamu hii ndio uliokuja kuigawa bendi miaka mitano baadaye.

## Usuli

### Kutoka Jefferson Airplane hadi Jefferson Starship

Historia ya Jefferson Starship inaanzia katika bendi ya Jefferson Airplane, iliyoundwa mjini San Francisco, jimbo la California, mwaka 1965. Waanzilishi wake wakuu walikuwa Marty Balin na mpiga gitaa Paul Kantner. Tangu mwanzo bendi ilijengwa juu ya sauti za mwanamume na mwanamke zikiimba pamoja. Mwimbaji wa kwanza wa kike alikuwa Signe Anderson, aliyesikika katika albamu ya kwanza ya mwaka 1966. Alipoondoka mwaka huohuo, nafasi yake ilichukuliwa na Grace Slick kutoka bendi ya The Great Society.

Slick alikuja na nyimbo mbili alizokuwa akiimba katika bendi yake ya zamani: "Somebody to Love" na "White Rabbit". Zote mbili ziliingia katika albamu ya *Surrealistic Pillow* ya mwaka 1967, zikapenya katika nyimbo kumi bora za Marekani na kuifanya Jefferson Airplane kuwa miongoni mwa bendi maarufu zaidi za San Francisco. Kwa hiyo, kubadilisha mwimbaji halikuwa jambo geni katika historia ya kundi hili. Mafanikio yake ya kwanza makubwa yenyewe yalitokana na badiliko la namna hiyo.

Balin aliiacha Jefferson Airplane mwaka 1971, na bendi ilifanya maonyesho yake ya mwisho mwaka 1972. Kantner na Slick waliendelea kufanya kazi pamoja. Jina "Jefferson Starship" lilikuwa limekwisha kutumika mwaka 1970 katika *Blows Against the Empire*, albamu ya Kantner inayosimulia hadithi ya watu wanaoteka chombo cha angani ili kuikimbia dunia. Mwaka 1974 jina hilo lilipewa bendi kamili ya kudumu. Miongoni mwa wanamuziki wake walikuwemo kijana mcharaza gitaa la solo Craig Chaquico, David Freiberg aliyetoka bendi ya Quicksilver Messenger Service, mpiga ngoma John Barbata na mzee mpiga fidla Papa John Creach. Muda mfupi baadaye aliingia Mwingereza Pete Sears, aliyekuwa amepiga katika albamu kadhaa za Rod Stewart.

### Miaka ya Balin na Slick

Balin alirudi kama mgeni katika wimbo mmoja wa albamu ya kwanza, *Dragon Fly* (1974), kisha akawa mwanachama kamili. Kurudi kwake kuliifikisha bendi mahali ambapo hata Jefferson Airplane haikuwahi kufika. Albamu ya *Red Octopus* (1975) ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na wimbo wa mapenzi "Miracles", alioutunga na kuuimba Balin, ukafika nafasi ya tatu. *Spitfire* (1976) na *Earth* (1978) nazo ziliingia katika tano bora. Nyimbo zilizoibeba *Earth* redioni, "Count on Me" na "Runaway", zote ziliimbwa na Balin.

Hivyo, kufikia mwaka 1978 kazi ilikuwa imegawanyika waziwazi. Balin alikuwa sauti ya nyimbo za mapenzi zilizouza singo. Slick, mwenye sauti nzito na ya kuamrisha, alikuwa sura inayotambulika zaidi ya bendi na kiungo chake na miaka ya sitini. Kantner alikuwa mwenye dira na mtunzi wa nyimbo ndefu za siasa na hadithi za kubuni za kisayansi, lakini mara chache sauti yake ilisikika redioni. Kuwapoteza Balin na Slick kwa pamoja kulimaanisha kupoteza karibu kila kitu ambacho msikilizaji wa kawaida alikitambua kwa jina la Jefferson Starship.

## Kuondoka kwa waimbaji

### Ziara ya Ulaya, 1978

Baada ya *Earth* kutolewa, bendi ilikwenda Ulaya. Mnamo Juni 1978 ilitarajiwa kutumbuiza katika tamasha la wazi huko Loreley, kando ya mto Rhine katika Ujerumani Magharibi. Slick alikuwa mgonjwa na hakuweza kupanda jukwaani, na bendi ikaamua kutopiga bila yeye. Tangazo hilo liliwakasirisha watazamaji. Vurugu zilizuka, jukwaa likavamiwa, na vyombo vya bendi vikaharibiwa au kuibwa.

Onyesho lililofuata lilikuwa Hamburg, na bendi ililazimika kupiga kwa vyombo vya kuazima. Slick, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na ulevi, alipanda jukwaani akiwa amelewa na kuwatolea watazamaji maneno ya matusi, akiwakumbusha Wajerumani kushindwa kwao vitani. Yeye mwenyewe baadaye alilizungumzia tukio hilo hadharani bila kuficha. Baada ya onyesho la Hamburg hakuendelea na ziara, na akaondoka katika bendi. Siku chache baadaye, tarehe 24 Juni, Jefferson Starship ilipiga katika tamasha la Knebworth nchini Uingereza bila yeye, Balin akibaki mwimbaji mkuu pekee.

### Balin na Barbata

Waliobaki walirudi Marekani na kuendelea kwa muda. Walirekodi wimbo "Light the Sky on Fire", ulioimbwa na Balin, na kuuonyesha katika kipindi maalumu cha televisheni cha *Star Wars* kilichorushwa mnamo Novemba 1978. Kipindi kiliporushwa, bendi iliyoonekana kwenye skrini haikuwepo tena. Mwezi Oktoba John Barbata alikuwa amepata ajali mbaya ya gari iliyomweka nje ya muziki kwa muda mrefu, na mwezi huohuo Balin naye akajitoa.

Mapema mwaka 1979 lebo ilitoa *Gold*, mkusanyiko wa nyimbo zilizopendwa. Kwa kawaida mkusanyiko kama huo huashiria mapumziko, na mara nyingi huwa ni kwaheri. Waliobaki walikuwa wanne: Kantner, Chaquico, Freiberg na Sears. Wote walikuwa wapigaji. Kantner na Freiberg waliweza kuimba, lakini hakuna kati yao aliyekuwa mwimbaji wa kuibeba bendi nzima jukwaani.

## Wanachama wapya

### Mickey Thomas

Mickey Thomas, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Cairo, jimbo la Georgia, alijiunga na bendi mwaka 1979. Sauti yake tayari ilijulikana kuliko jina lake. Yeye ndiye aliyeimba "Fooled Around and Fell in Love", wimbo uliofika nafasi ya tatu Marekani mwaka 1976, lakini kwenye lebo ya santuri liliandikwa jina la kiongozi wa bendi, mpiga gitaa Elvin Bishop. Wasikilizaji wengi waliupenda wimbo bila kujua ni nani aliyeuimba. Mwaka 1977 Thomas alitoa albamu yake mwenyewe, ambayo haikupata umaarufu.

Thomas hakufanana na yeyote kati ya wale aliowarithi. Balin aliimba kwa upole na hisia za karibu. Thomas alikuwa na sauti ya juu sana na yenye nguvu, iliyolelewa katika soul na muziki wa injili wa kusini mwa Marekani, na iliyoweza kupanda juu ya magitaa makubwa bila kumezwa. Pia bendi haikutafuta mwanamke wa kushika nafasi ya Slick. Kwa uamuzi huo, utaratibu wa sauti ya kiume na ya kike uliodumu tangu mwaka 1965 ulikatika kwa mara ya kwanza.

### Aynsley Dunbar

Mpiga ngoma mpya, Aynsley Dunbar, alikuwa Mwingereza mwenye uzoefu mkubwa. Alikuwa amepiga na John Mayall, Frank Zappa na David Bowie, kisha akawa mpiga ngoma wa bendi ya Journey katika albamu zake nne za mwanzo. Aliondoka Journey mwaka 1978, na yeye pia alikuwa akitafuta mwanzo mpya. Upigaji wake ulikuwa mzito na wenye mkazo kuliko ule wa Barbata, na ulichangia sana kubadilisha sauti ya bendi.

## Kurekodi

Albamu ilirekodiwa mwaka 1979 katika studio ya Record Plant huko Sausalito, ng'ambo ya daraja la Golden Gate kutoka San Francisco. Kwa albamu zilizotangulia, kuanzia *Dragon Fly* hadi *Earth*, bendi ilikuwa imefanya kazi na mtayarishaji Larry Cox. Safari hii alichaguliwa Ron Nevison, aliyewahi kuwa fundi wa sauti nchini Uingereza. Alikuwa amefanya kazi katika *Quadrophenia* ya The Who na *Physical Graffiti* ya Led Zeppelin, na baadaye akawa mtayarishaji wa UFO na The Babys.

Uteuzi huo ulionyesha bendi inakotaka kuelekea. Katika albamu za zamani sauti za waimbaji zilikaa mbele na vyombo vikazifuata nyuma, mara nyingine vikipambwa kwa fidla na ala nyingine laini. Nevison alileta mpangilio wa rock nzito: ngoma kubwa zinazosikika karibu, gitaa la umeme likiwa mbele, na sauti ya Thomas ikiwa juu yake. Vitangulizi virefu na sehemu za kutangatanga zilipunguzwa.

Badiliko hilo liliendana na hali ya muziki Marekani wakati huo. Redio za FM zilizopiga nyimbo kutoka katika albamu za rock zilikuwa na nguvu kubwa, na bendi kama Foreigner, Boston na Journey zilikuwa zikijaza viwanja vya michezo kwa muziki wa magitaa makubwa na viitikio vya kuimbwa na umati. Mtindo huo huitwa pia "rock ya viwanjani". Mapenzi ya polepole ya "Miracles" yalikuwa yametoka katika ladha ya redio hizo, na hata kama yasingetoka, aliyeyaimba hakuwepo tena.

## Muziki na maudhui

### "Jane"

"Jane" ndio wimbo wa kwanza katika albamu na wa kwanza kutolewa kama singo. Watunzi wake ni David Freiberg, Jim McPherson, Craig Chaquico na Paul Kantner. Unazungumza na mwanamke anayecheza na hisia za anayeimba, ambaye anajua anachezewa lakini hawezi kujitoa.

Muundo wa wimbo unaeleza vizuri jinsi bendi ilivyojipanga upya. Kinanda na gitaa hufungua kwa mapigo mafupi ya kukatakata, ngoma za Dunbar huingia kwa kishindo, na Thomas huanza kuimba moja kwa moja katika kiwango cha juu. Nafasi ambayo zamani ingejazwa na mwimbaji wa pili sasa imejazwa na gitaa la Chaquico, ambalo humjibu Thomas na kisha kupewa solo yake. Kwa maneno mengine, mazungumzo yaliyokuwa kati ya Balin na Slick yamehamia kati ya mwimbaji na gitaa. Chaquico, aliyejiunga na bendi akiwa bado na umri wa chini ya miaka 20, ndiye aliyepanda daraja zaidi katika albamu hii.

### Nyimbo za Kantner

Kantner hakuiacha dira yake. "Girl with the Hungry Eyes", uliotolewa kama singo ya pili, una jina sawa na hadithi fupi ya mwandishi wa Marekani Fritz Leiber ya mwaka 1949, na unaendeleza mapenzi ya Kantner kwa fasihi ya kubuni ya kisayansi. Sauti yake mwenyewe inasikika waziwazi katika wimbo huo. Wimbo unaobeba jina la albamu, wenye jina kamili "Freedom at Point Zero (Climbing Tiger Through the Sky)", unafunga albamu kwa picha za anga na uhuru zilizozoeleka katika tungo zake. Kutajwa kwa chui milia kunakumbusha "Ride the Tiger", wimbo uliofungua *Dragon Fly* miaka mitano kabla. Wasikilizaji wa zamani waliweza kuona kwamba, pamoja na mabadiliko yote, kuna mkono uleule ulioshika usukani.

### Nyimbo nyingine

Sehemu kubwa ya nyimbo zilizobaki zinaegemea upande mpya. "Lightning Rose (Carry the Fire)" na "Rock Music" ni nyimbo za kasi zilizojengwa juu ya gitaa la Chaquico. Huu wa pili ni sifa ya wazi kwa muziki wenyewe, jambo ambalo bendi ya miaka ya sitini iliyozoea kuimba siasa isingelifanya kirahisi. "Awakening" ndio mrefu kuliko zote na umepangwa kwa vipande vinavyobadilika, ukimpa Thomas nafasi ya kuanza taratibu na kupanda hatua kwa hatua. "Fading Lady Light" unapunguza kasi kuelekea mwisho wa albamu, na "Things to Come" na "Just the Same" ziko katikati ya pande hizo mbili.

Kwa jumla albamu ina sura mbili. Moja ni ya Kantner, inayotazama nyuma kwenye ndoto za San Francisco. Nyingine ni ya Thomas, Chaquico na Nevison, inayotazama redio na viwanja vya mwaka 1980. Katika *Freedom at Point Zero* sura hizo mbili bado zinakaa pamoja bila kugombana.

## Orodha ya nyimbo

Upande wa kwanza:

1. "Jane"
2. "Lightning Rose (Carry the Fire)"
3. "Things to Come"
4. "Awakening"

Upande wa pili:

1. "Girl with the Hungry Eyes"
2. "Just the Same"
3. "Rock Music"
4. "Fading Lady Light"
5. "Freedom at Point Zero (Climbing Tiger Through the Sky)"

## Wanamuziki

- Mickey Thomas – mwimbaji kiongozi
- Paul Kantner – sauti, gitaa la rithimu
- Craig Chaquico – gitaa la solo
- David Freiberg – sauti, kinanda
- Pete Sears – gitaa la besi, kinanda
- Aynsley Dunbar – ngoma

## Mapokezi

"Jane" ulipokelewa vizuri na redio za rock na kupanda hadi nafasi ya 14 Marekani. Nchini Uingereza, ambako Jefferson Starship haikuwahi kuwa na wafuasi wengi, ulifika nafasi ya 21, na albamu yenyewe ilifika nafasi ya 22. "Girl with the Hungry Eyes" haukufua dafu kama mtangulizi wake na uliishia nje ya arobaini bora Marekani. Albamu ilitunukiwa hadhi ya dhahabu nchini Marekani, hadhi inayotolewa kwa albamu iliyofikia nakala 500,000.

Wakosoaji waligawanyika. Waliolalamika walisema bendi iliyokuwa na sauti ya kipekee sasa inafanana na Foreigner au Journey, na kwamba asiyeambiwa jina asingejua anasikiliza warithi wa Jefferson Airplane. Waliosifu waliona nguvu mpya katika kundi lililokuwa limechoka, na walimtaja Thomas kama mwimbaji mwenye uwezo usio wa kawaida. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja: hii ilikuwa bendi nyingine yenye jina la zamani.

Jedwali lifuatalo linaonyesha nafasi za juu zaidi za albamu za studio za Jefferson Starship katika chati ya Billboard 200 hadi mwaka 1984.

| Albamu | Mwaka | Nafasi |
|---|---|---|
| *Dragon Fly* | 1974 | 11 |
| *Red Octopus* | 1975 | 1 |
| *Spitfire* | 1976 | 3 |
| *Earth* | 1978 | 5 |
| *Freedom at Point Zero* | 1979 | 10 |
| *Modern Times* | 1981 | 26 |
| *Winds of Change* | 1982 | 26 |
| *Nuclear Furniture* | 1984 | 28 |

Ikilinganishwa na zilizotangulia, albamu hii ilishuka. Lakini bendi iliyopoteza waimbaji wake wakuu wote ndani ya miezi michache ilikuwa bado katika kumi bora, jambo ambalo haikulifikia tena kwa jina la Jefferson Starship katika miaka iliyofuata.

## Baada ya albamu

Mnamo Oktoba 1980, wakati wa maandalizi ya albamu iliyofuata, Paul Kantner alipatwa na kuvuja damu kwenye ubongo, akapona. Mwaka huohuo Grace Slick alitoa albamu yake binafsi, *Dreams*. Aliimba pamoja na Thomas katika wimbo "Stranger" wa albamu ya *Modern Times* (1981), kisha akarudi rasmi kundini. Hivyo utaratibu wa sauti ya kiume na ya kike ulirejea, lakini safari hii Thomas ndiye aliyekuwa mbele. Marty Balin hakurudi. Mwaka 1981 alifanikiwa peke yake kwa wimbo "Hearts", uliofika nafasi ya nane Marekani. Mtunzi wake, Jesse Barish, ndiye aliyekuwa ametunga "Count on Me".

Dunbar aliondoka mwaka 1982, na ngoma zikachukuliwa na Donny Baldwin, aliyewahi kupiga na Thomas katika bendi ya Elvin Bishop. Kadiri miaka ilivyokwenda, nyimbo za aina ya "Jane" ziliongezeka na zile za Kantner zikapungua. Mwaka 1984 Kantner, mwanachama pekee aliyekuwepo bila kukatika tangu kuanzishwa kwa Jefferson Airplane, alijitoa akisema bendi imekuwa ya kibiashara mno. Aliwafungulia kesi wenzake kuhusu matumizi ya jina. Kwa makubaliano yaliyofikiwa mwaka 1985, waliobaki waliacha neno "Jefferson" na kujiita Starship tu.

Starship, wakiwa na Thomas na Slick, walishika nafasi ya kwanza Marekani kwa nyimbo tatu: "We Built This City" (1985), "Sara" (1986) na "Nothing's Gonna Stop Us Now" (1987). Ni mafanikio ambayo si Jefferson Airplane wala Jefferson Starship iliyowahi kuyapata katika chati ya singo. Slick aliondoka mwaka 1988. Kantner alifufua jina la Jefferson Starship mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Balin akaungana naye tena mwaka 1993. Kantner alifariki dunia tarehe 28 Januari 2016, siku ileile aliyofariki Signe Anderson, mwimbaji wa kwanza wa kike wa Jefferson Airplane. Balin alifariki mnamo Septemba 2018.

## Nafasi katika historia ya bendi

"Jane" umebaki kuwa wimbo unaopigwa mara nyingi katika redio za rock za Marekani, na ulipata wasikilizaji wapya ulipotumika kufungulia filamu ya vichekesho ya *Wet Hot American Summer* (2001).

Albamu nzima hukumbukwa zaidi kama njia panda. Bendi zinazompoteza mwimbaji mkuu huwa na njia chache: kuvunjika, kumtafuta mtu anayefanana na aliyeondoka, au kujenga muziki mpya unaomfaa mgeni. Jefferson Starship ilichagua njia ya tatu. Haikumtaka Thomas aimbe kama Balin, wala haikumtafuta Slick wa pili. Badala yake ilibadilisha mtayarishaji, mpiga ngoma na uzito wa gitaa ili vyote viendane na sauti moja mpya. Uamuzi huo uliiokoa bendi mwaka 1979. Uliweka pia msingi wa bendi ambayo, kufikia mwaka 1984, haikuwa na nafasi tena kwa mtu aliyeianzisha.